Pembe ya Nne ya Shuka

Mshona magodoro mmoja alikuwa na dada ambaye mji mzima ulimjua kwa sauti. Yeye aliitwa Vuai, na dada yake Mize. Kazi ya Mize ilikuwa kusoma matangazo katika redio ya mji: bei ya vitunguu, mtoto aliyepotea, mitaa itakayokosa maji, na kila alasiri matangazo ya vifo. Yalipofika hayo ya mwisho watu waliacha walichokuwa wakifanya, wakasikiliza. Mize hakumtangaza maiti hata mmoja kwa ugonjwa wake, wala kwa mahali alipokutwa, wala kwa maneno yaliyokuwa yakisemwa juu yake. Alitaja jina, akataja ni mtoto wa nani, akataja atasaliwa wapi. Kisha alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Katika kile kimya kidogo kila mwenye msiba alihisi kwamba maiti wake amesitiriwa.

Siku moja mtungi wa gesi ulilipuka jikoni kwake. Mize alipona, lakini uso haukupona. Tangu hapo alivaa nikabu, akawa anaingia redioni kwa mlango wa nyuma, na sauti ikabaki ile ile. Nyumbani alitundika pazia kati ya chumba chake na ukumbi. Vuai, aliyeishi naye, alikula upande huu na dada yake upande ule, wakazungumza na kutaniana kama walivyofanya tangu utotoni. Chai ikizidi utamu, sauti ilitoka nyuma ya pazia: "Kaka, leo umenitilia sukari ya harusi, mchumba yuko wapi?" Naye Vuai alijibu kwamba mchumba amemwona shemeji yake akishona godoro, akakimbia. Walicheka. Lakini uso wa dada yake Vuai hakuuona tena, na alitamani kuuona kama mtu anavyotamani kurudi kwao. Mara moja tu alishika ukingo wa pazia. Mize hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Kaka, sauti nimewapa watu wote. Uso niachieni." Vuai aliuachia ukingo. Moyoni mwake akaapa kwamba hatautazama uso ule mpaka mwenyewe amruhusu.

Watu wa mji hawakuwa wabaya. Walimpenda Mize. Lakini walikuwa wamezoea kuwa na sehemu yake, na mwenye sehemu hudai na salio. Sokoni waliulizana kama ameungua upande mmoja au pande zote. Gazeti la mji lilichapisha picha ya nikabu yake, na chini yake swali, na siku hiyo gazeti liliisha mapema. Wiki nyingine likachapisha nikabu ile ile na swali jingine. Mwandishi wa habari hizo alikuwa kijana mrefu aitwaye Sudi. Alikuwa na adabu, aliwaamkia wazee kwa kuinama, na hakuna aliyewahi kumsikia akitukana.

Mize aliugua homa ya mapafu, akafa. Aliyemtangaza redioni alitaja jina, akataja mahali pa kusalia, kisha bila kupumua akaingia katika bei ya samaki.

Katika mji ule, mwanamke anaposhushwa kaburini hutandazwa shuka juu ya kaburi, na wanaume wanne hushika pembe zake. Chini ya shuka huingia ndugu wa damu. Humlaza maiti katika mwanandani, ile nafasi iliyochimbwa ubavuni mwa kaburi, hufungua sanda usoni ili shavu liguse udongo, kisha huziba kwa mbao. Hiyo ndiyo dakika pekee ambayo uso wa maiti huwa wazi chini ya mbingu, na kwa ajili ya dakika hiyo shuka hutandazwa. Walioshika pembe hawatazami chini. Kila mmoja hugeuza uso wake nje, upande wake, kwa heshima. Na pembe ya shuka hanyimwi mtu, kwa kuwa ina thawabu. Hata mpita njia akiiomba, hupewa.

Pembe moja alishika binamu yao, ya pili jirani, ya tatu mzee wa mtaa. Ya nne alishika mjomba wake Mize, lakini jua lilikuwa kali na mikono yake ilianza kutetemeka. Sudi alikuwa amesimama nyuma yake, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. "Nipe mimi, mjomba," alisema. "Na mimi nipate fungu langu." Mjomba alimpa. Alimwombea na dua.

Vuai aliingia kaburini. Alikuwa amekwisha kupanga atakavyofanya, usiku kucha hakufikiri jambo jingine. Alimlaza dada yake ubavu wa kulia, akafumba macho, akaitafuta kwa vidole ile tepe ya sanda iliyofungwa kichwani. Aliipata. Aliifungua. Akaivuta nguo mpaka akahisi baridi ya ngozi, akausogeza uso kwa upole hadi udongoni, kisha akauondoa mkono wake haraka, kwa sababu aligundua kwamba vidole navyo vinaweza kutazama. Hapo giza lililokuwa ndani ya macho yake liligeuka jekundu. Aliganda. Nyekundu ile ilikuwa jua. Jua lilikuwa limeingia mahali ambapo halikuwa na ruhusa ya kuingia.

"Shuka!" alipiga ukelele kutoka chini.

"Ipo!" alijibu binamu. "Ipo!" alijibu jirani. "Ipo, mwanangu, fanya kazi yako," alisema mzee wa mtaa. Kila mmoja aliijibia pembe yake, uso wake ukiwa nje, na kila mmoja alisema kweli. Wa nne hakujibu kitu. Kisha nyekundu ikawa nyeusi tena. Vuai akapapasa mbao, akaziba, akatoka. Sudi alikuwa miongoni mwa waliompa mkono kumvuta juu.

Asubuhi yake Vuai alitoka barazani kwake, ambako watu wa matanga walikuwa wameketi, na mazungumzo yakakatika. Mtu mmoja aligeuza gazeti haraka, ukurasa wa mbele ukalala chini, na Vuai akaona ukurasa wa nyuma tu, wenye habari za mpira. Hakuhitaji kuambiwa. Aliijua ile nyekundu. Akakaa chini pale pale kizingitini. Uso wa Mize ulikuwa umejaa ukurasa mzima, na sanda imefunguka kuuzunguka. Pembeni ulionekana mkono wa ndugu yake, na Vuai mwenyewe kafumba macho. Juu yake waliandika kwa herufi kubwa: HUU NDIO USO WA SAUTI.

Mji ulishtuka. Hakuna aliyesema ni jambo jema. Msikitini khatibu alilia akisema gazeti lile lisinunuliwe, na waliokuwa hawajasikia habari hizo wakaenda kulitafuta wajue ni gazeti gani wasilinunue. Waliokwisha kulinunua waliwaonyesha majirani, wapate kulaani pamoja. Wenye simu walipiga picha ile picha, wakaituma huku na huku na maneno haya: Tazameni unyama huu, watumieni na wenzenu wajue. Baada ya adhuhuri muuza magazeti aliagiza mzigo wa pili. Laana zilikuwa nyingi kuliko siku yoyote katika mji ule, na kila laana ilibeba uso wa Mize mkononi.

Watu walimiminika kumfariji Vuai. Bi Tatu, aliyemlea Mize utotoni, alimshika mabega akalia kwa kwikwi. "Walivyomfanya mwanangu! Na lile jicho, Vuai, lile jicho la kushoto..." Vuai alimziba mdomo kwa kiganja chake. Bi Tatu alimtazama kwa mshangao, kisha akaelewa, akainamisha kichwa. Lakini nyuma yake alikuwepo mwingine, na huyo naye alianza na shavu. Na nyuma ya huyo mwingine. Kila aliyekuja na pole alikuja na kipande cha ule uso, na wote walikuja kukiweka mapajani mwake. Vuai aliwatazama mmoja mmoja. Mji mzima umeuona, aliwaza. Muuza maji ameuona. Watoto wa chuoni wameuona. Nimebaki mimi.

Alasiri alikuja Sudi. Alivua viatu, akasalimu, akakaa mkekani kama wakaavyo wanaokuja kutoa pole. Binamu alikuwa wa kwanza kusimama. "Una uso wewe wa kuja hapa? Mbwa wewe!"

"Nimekuja kutoa pole," alisema Sudi bila kupandisha sauti. "Mize alikuwa wa watu wote, na watu walitaka kujua. Kaka Vuai, mimi niliachia pembe moja tu. Kununua wamenunua wenyewe."

Walimrukia. Jirani alimshika ukosi wa kanzu, akainua mkono ampige. Mkono ulipoinuka, shati lake lilivutika, na katika mfuko wa nyuma wa suruali yake likachomoza gazeti lililokunjwa vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, kama kitu mtu anachokusudia kwenda kukitazama tena. Vuai aliliona. Wengine nao waliliona. Mkono wa jirani ulibaki hewani, haujui pa kwenda. Sudi akajinasua, akachukua viatu vyake, akaondoka kwa mwendo wa kawaida.

Ndipo vijana wakaanza kupiga kelele kwamba twende, tuyakusanye magazeti yote, tuyamwagie mafuta ya taa, tuyachome katikati ya mji.

"Hachomwi," alisema Vuai. "Alishaungua."

Mjomba, yule aliyeitoa pembe yake, alichukua nakala moja iliyokuwa imeachwa barazani, akamwekea Vuai mkononi, akiwa ameigeuza chini. "Sisi tumetenda dhambi," alisema. "Lakini wewe ni ndugu yake. Kama kuna mwenye haki ya kumwona, ni wewe." Na hilo lilikuwa jaribu kubwa kuliko yote, kwa maana lilisemwa kwa huruma, na kwa maana Vuai alitaka. Miaka yote alikuwa ametaka. Karatasi ilikuwa nyepesi. Ilihitaji kugeuzwa tu. Mize hakuwepo tena nyuma ya pazia kumwambia aache, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

Alifumba macho. Aliikunja karatasi vile vile ilivyo, akaingia ndani, akatoka na kipande kikubwa cha kitambaa cheupe cha magodoro, akaifunga humo. Kisha akateremka barazani, akaenda nyumba ya kwanza.

Alipiga hodi. Mlango ulipofunguliwa alifumba macho, akakitandaza kile kitambaa juu ya mikono yake miwili, akasema, "Nimekuja kumchukua maiti wangu."

Hivyo ndivyo alivyokwenda mlango hadi mlango. Bi Tatu alilitoa gazeti lake, akaliweka kitambaani na kulibusu. Muuza maandazi alitoa kurasa zilizokwisha kulowa mafuta, akaomba radhi, akafuta mikono. Mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kulitandika kabatini. Vuai alisikia vikombe vikiondolewa kimoja kimoja. Msichana mmoja alisema, "Nimeufuta kwenye simu, baba, wallahi nimeufuta," na Vuai, ambaye hakuwa na njia ya kujua, alimshukuru. Lakini katika nyumba za wale waliolaani kwa sauti kubwa kuliko wote, jibu lilikuwa moja: "Humu hamna, Vuai. Kitu kama kile sisi tukiweke ndani?" Na kwa kuwa alikuwa amefumba macho, aliisikia karatasi ikisogezwa kwa mguu chini ya mkeka.

Alichokipata alikizika ubavuni mwa dada yake. Asichokipata anakitafuta mpaka leo.

Na nyinyi mlioisikiliza habari hii mpaka mwisho mkitaka kujua uso ule ulikuwaje: akija mlangoni kwako akapiga hodi, macho kayafumba na kitambaa kakitandaza mikononi, utampa maiti wake, au mguu wako nao utautafuta mkeka?