Jina Chini ya Picha ya Dafne

Hapo zamani, wasikilizaji wangu, enzi wachoraji wa Italia walipopenda kujaza picha giza nene kisha wakaangusha mwanga mahali pamoja tu, palikuwa na binti aitwaye Orsola, mwanafunzi katika karakana ya Mwalimu Taddeo. Desturi ya karakana ilikuwa hii: wanafunzi wachore hata migongo iwaume, jina litakaloandikwa ni la mwalimu. Na desturi ya mji ilikuwa hii: asiye na picha yenye jina lake hafungui karakana. Sasa niambieni, mwanafunzi atokee wapi?

Orsola alitaka karakana yake mwenyewe. Alitaka mpaka usingizi ukampaa.

Siku moja Bibi Kamila, mjane wa liwali, aliagiza picha ya Dafne. Huyo ni msichana wa hadithi za Wayunani wa kale. Mungu Apolo alimkimbiza akitaka kumshika, naye akamlilia baba yake, mungu wa mto, na baba akamgeuza mti ili asishikwe.

"Ukutani kwangu nina Taddeo tele," alisema Bibi Kamila, "na kila Taddeo ana mkono tofauti! Safari hii nataka jina la mchoraji hasa."

Orsola aliposikia hayo, alifurahi hadi akaogopa.

Kazi ikaanza. Mwalimu Taddeo, mikono ikimtetemeka kwa uzee, akaibuni picha kwa mkaa juu ya karatasi: Dafne akimbilie wapi, mwanga umwangukie wapi, vidole vianzie wapi kuwa majani. Orsola akaihamishia kwenye turubai, akaipaka rangi yote, ngozi ikawa gome na nywele zikawa matawi. Lakini haraka haraka haina baraka. Kwa hamu ya kuliona jina lake, alipaka vanishi kabla rangi ya mafuta haijakauka ndani. Uso wa Dafne ukapasukapasuka kama tope juani. Orsola akasimama mbele yake, mikono kichwani, akalia.

Mwanafunzi mwenzake, Fabrizio, akachukua kisu. Aliukwangua uso ule, akachora mwingine. Na picha ilipofunuliwa, uso huo ndio uliowaliza watu.

Bibi Kamila akawaita wote watatu. "Haya, nani mchoraji?"

"Ni mimi, Bibi," alisema Taddeo. "Kabla sijawaza, picha haikuwapo. Na hawa wawili, nani aliwafundisha kushika brashi? Mikono hii haitachora tena. Hii ndiyo ya mwisho."

Orsola alimpenda mzee yule, na maneno yake yalimchoma. Hata hivyo alisema, "Ni mimi, Bibi. Wazo halitundikwi ukutani. Kila gome na kila jani ni mkono wangu. Uso niliuharibu, sikatai. Lakini nikilikosa jina leo, nitazeeka nikichorea majina ya watu."

"Ni mimi, Bibi," alisema Fabrizio. "Waulize waliolia, je, waliyalilia majani? Bila mimi picha hii ingetupwa."

Bibi Kamila akaisogelea picha. "Kwenye mchoro wa mwalimu, Dafne ana hofu. Huyu wako ana msiba. Umemtoa wapi?"

Fabrizio akainamisha kichwa. "Kwa Orsola, Bibi. Nilimtazama siku ile akiililia kazi yake. Nikachora nilichokiona."

Orsola akageuka kuutazama uso ule. Siku zote hizo hakujitambua.

"Hukuniomba," alisema.

"Ningekuomba vipi? Ulikuwa unalia."

Bibi Kamila akachovya brashi kwenye rangi. Pembeni chini palikuwa na nafasi ya jina moja tu, na wote watatu walikuwa wakiutazama mkono wake.

Nami brashi hiyo nawapa ninyi. Kuna aliyeiwaza picha, kuna aliyeichora akaiharibu, na kuna aliyeiokoa kwa machozi ya mwenzake. Je, nani alistahili kuandikwa?