Kiapo cha Simba Dimbwini

Sogeeni, wajukuu zangu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, kiangazi kilikausha nchi nzima. Likabaki dimbwi moja tu, na kando yake akaketi Simba. Aliyeinama kunywa, hakuinuka tena.

Pimbi Makame, kamnyama kadogo kama paka, alishuka kutoka jabalini na kibuyu chake. Twaa! Simba akamdaka.

"Mwinyi Simba, nihurumie! Mke wangu Mize ana homa, koo limemkauka. Niache nimpelekee maji, kisha nitarudi unile. Wallahi nitarudi!"

"Kitoweo chenyewe kidogo hivi! Haya, nenda."

"Nawe niahidi, Mwinyi. Mpaka nirudi, usimguse yeyote anayekuja kunywa."

Simba akacheka hadi manyoya ya shingo yakatikisika. "Kwenda na kurudi tu? Wallahi, simgusi."

Pimbi mbio, puruu! Akamnywesha mkewe, kisha akapanda juu ya jabali.

"Enyi wanyama, kanyweni! Simba amejifunga kwa ulimi wake, nami sirudi ng'o!"

Wakaja swala, wakaja punda milia na watoto wao. Wakanywa mbele ya pua ya Simba. Mate yakamdondoka, mbavu zikamtoka, akawa anakula panzi. Simba, kula panzi! Lakini ukucha hakuunyanyua.

"Pimbi amekuchezea, mzee," Nyani akamcheka. "Kula tu!"

"Sikuapa kwa jina la Pimbi," Simba akajibu. "Niliapa kwa jina la Mungu."

Lo! Wanyama wote wakainua vichwa majini, wakamtazama Simba. Subhanallah!

Hatimaye mvua ikanyesha, mabonde yakajaa. Pimbi akavaa kanzu yake.

"Wapi tena, mume wangu?" Mize akashtuka. "Maji yako kila mahali!"

"Kwa Simba. Yeye amekonda kwa neno lake, mke wangu. Na mimi langu?"

Mize akalia, lakini hakumshika.

Pimbi akafika dimbwini. "Nimerudi, Mwinyi. Nilikudanganya. Nile."

Simba akanyanyuka. Pimbi akafumba macho, akatamka shahada.

Akasikia nyasi, chwa, chwa, chwa. Alipofumbua macho, Simba alikuwa akienda zake, amelowa, mifupa mitupu, na bado mkubwa kuliko alivyowahi kumwona.

"Nenda kwa mkeo," Simba alisema bila kugeuka. "Umerudi. Inatosha."

Basi wajukuu zangu, mkiahidi, timizeni, hata kama ahadi inauma, kwani Mungu ameisikia.