Daraja Lililokuja na Jibu Lake

Shirika moja la kimataifa lilikuwa na daraja, ila halikuwa na mto. Daraja lenyewe lilikuwa la chuma, la kuunganisha kwa nati, na lilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine ambako mradi ulifungwa baada ya serikali kubadilika. Sasa vipande vyake vilikuwa ghalani ndani ya masanduku, vikisubiri watu wa kuvihitaji. Urefu wake haukuweza kuongezwa wala kupunguzwa. Wakubwa wa Shirika wakatazama ramani, wakapata mto mmoja milimani, na katika mto huo mahali pamoja tu ambapo daraja lingefika ng'ambo: penye wembamba, panapoitwa Kooni. Ikabaki kazi ndogo. Ilibidi wananchi washirikishwe.

Kwa kazi hiyo Shirika likachukua wanafunzi wawili wa chuo kikuu, wa mwaka wa mwisho, likawaita washauri. Mmoja alikuwa kijana aitwaye Semvua, mwepesi wa kalamu na wa maneno. Mwenzake alikuwa Nakijwa, binti aliyelelewa katika milima ya namna ile ile. Walipewa fulana zenye nembo, maswali yaliyokwisha kuandikwa, na ripoti ambayo sehemu ya mapendekezo ilikuwa imejazwa tayari. Nakijwa alipouliza ripoti gani hiyo inayotangulia safari, Semvua alimjibu kwamba mshauri wa kweli hashauri, anathibitisha. Na kwamba Shirika likiridhika, wote wawili wangeajiriwa mara tu wakimaliza chuo. Wakacheka, wakapanda mlimani.

Kijijini walipokewa kama wageni wanavyopokewa. Kila nyumba waliyoingia waliwekewa makande na maziwa mgando, na kila nyumba waliuliza swali lao huku wanakula: je, daraja likijengwa Kooni, litawasaidia? Kila nyumba ikaitika ndiyo. Semvua alisema hajawahi kuona jamii yenye mwamko kiasi hicho.

Walifikia kwa mwanamke aitwaye Elipendo, ambaye ujauzito wake ulikuwa umepita nusu. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na watu walivukia Mawe Mapana, chini kidogo ya kijiji, mahali ambapo masika yakianza hapavukiki. Elipendo naye alikuwa ameitika ndiyo kama wengine. Lakini asubuhi moja Nakijwa alimkuta anafunga kanga zake za kujifungulia, anapatana na shemeji zake wamvushe Mawe Mapana kabla ya mvua, akakae kwa ndugu jirani na zahanati. Nakijwa akamwuliza kwa nini asingoje daraja la Kooni. Elipendo akacheka. Ng'ambo ya Kooni, akamweleza, ni jabali; anayevukia pale anauzunguka mlima kutwa nzima ndipo aione zahanati. Wanaopita kule ni mbuzi, tena waliopotea. Nakijwa akauliza kwa nini basi alisema ndiyo.

"Mwanangu," akasema Elipendo, "mlikuwa na chakula mdomoni. Mgeni anakatazwaje naye anakula?"

Nakijwa akaona aibu, maana jambo hilo alilijua. Mama yake mwenyewe alikuwa akiwaitikia wageni hivyo hivyo, kisha anakwenda jikoni kucheka. Alikuwa amelijua tangu utoto, akaliacha kwenye lango la chuo pamoja na lafudhi yake.

Akamweleza Semvua. Semvua alimsikiliza vizuri, kisha akasema hilo wataliweka chini ya kichwa cha changamoto, mahali ambapo hakuna mkubwa aliyewahi kufika kwa kusoma. Wakiikataa Kooni, akasema, masanduku yatakwenda kwenye mto mwingine. Watu hawa watakosa daraja, na wao wawili watakosa kazi.

Siku ya mkutano wa hadhara alikuja Mratibu wa Shirika. Gari lake lilishindwa na mlima, akafika kwa miguu, na kwa hilo akapigiwa vigelegele. Akapewa kiti na kikombe cha chai. Semvua akasoma ripoti, watu wakapiga makofi kila alipovuta pumzi. Mwisho Mratibu akauliza, kwa kuwa ratiba ilimtaka aulize, kama kuna mwenye la kuongeza. Nakijwa akasimama.

"Hawa hatukuwauliza," akasema. "Tuliwaambia, wakaitika."

Mratibu aliwahofia wafadhili walio ng'ambo ya bahari, ambao walikwisha kuarifiwa kwamba wananchi wameichagua Kooni. Semvua alimhofia Mratibu. Mwenyekiti wa kijiji aliyahofia masanduku yasije yakageuziwa njiani. Akainuka upesi, akasema binti amechoshwa na milima, tumsamehe. Watu wakacheka kidogo, bila kutazamana.

Ndipo Mratibu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akafanya jambo lisilokuwamo katika ratiba. Akamgeukia Elipendo, aliyeketishwa mbele kwa sababu ya hali yake, akamwuliza kama ni kweli kwamba hakuulizwa. Lilikuwa swali la kwanza la Shirika ambalo Shirika lenyewe halikujua jibu lake.

Elipendo akamtazama Nakijwa. Akisema hakuulizwa, daraja litaondoka, na watu wote hawa watajua ni nani aliyeliondoa. Akisema aliulizwa, anamfanya mtoto wa mwanamke mwenzake kuwa mwongo mbele ya mkutano. Akamtazama Mratibu. Kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwa mgeni huyo.

"Niliulizwa," akasema.

Makofi yakapigwa. Nakijwa akaketi. Shirika halikumwita tena, ingawa ripoti ilimkumbuka: iliandikwa kwamba vijana wa kike walishiriki kikamilifu.

Daraja likaunganishwa Kooni. Uzinduzi ukasogezwa mbele mara kwa mara, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na vikao. Elipendo alipotaka kwenda zake kwa ndugu, mwenyekiti akaja kumsihi: mama aliyelikubali daraja mbele ya wageni, ataonekanaje akivukia Mawe Mapana? Avumilie kidogo, azinduliwe nalo. Akavumilia. Masika hayakuwa na ratiba, yakaanza.

Uchungu ulimshika mto ukiwa umefurika. Mawe Mapana hayakuonekana tena. Shemeji zake wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakaelekea naye Kooni, kwa sababu ndiyo njia iliyokuwa imebaki. Hawakufika hata jabalini. Mtoto alizaliwa katikati ya daraja, chini ya kibao cha shukrani kwa wafadhili. Mama alipona. Mtoto hakulia.

Mwaka uliofuata Shirika likatuma wanafunzi wengine kwenda kuuliza kama daraja limewasaidia akina mama. Walifika nyumbani kwa Elipendo. Akawapa viti, akawapakulia makande. Kisha akaketi mbele yao, mikono mapajani, akasubiri kuambiwa jibu lake.

Nanyi mnaonisikiliza, ambao hakuna hata mmoja asiye na mtu chini yake wa kumwuliza: mara ya mwisho mlipojibiwa ndiyo, kikombe kilikuwa mkononi mwa nani?