Binti Twiga na Soli za Fundi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado hawaoni haya kutembea bila nguo lakini wameshaanza kuona haya kutembea bila viatu, palikuwa na... Ngojeni kwanza. Naomba radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Bibi yangu aliyenisimulia alikuwa anasimama, anaruka, anamwigiza fisi mpaka mbwa wa jirani wanabweka. Mimi nitasimulia nimekaa. Msiniulize kwa nini. Mkivumilia mpaka mwisho mtaijua sababu. Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma, liache sikio la mwenzio.

Palikuwa na Binti Twiga, hodari wa mpira wa kikapu. Wenzake waliurusha mpira kisha wakauombea dua ufike. Yeye hakuwa na haja ya dua. Aliudundisha kwa kwato, dundu, dundu, dundu, akaubeba kwa kichwa, akauweka kikapuni taratibu kama mama anayepanga nyanya sokoni. Chwaa.

Lakini moyo wake haukuwa kikapuni. Moyo wake ulikuwa kwenye shingo ya mama yake.

Shingo ya Mama Twiga ilikuwa imekaza kama mlingoti. Misimu mitatu hakuwa ameinama mtoni. Kila asubuhi Binti alipanda juu ya kichuguu na kibuyu cha maji, akammiminia mama kinywani, gluku, gluku. Nusu iliingia, nusu ilimwagika shingoni mpaka kwenye magoti.

"Asante, mwanangu," mama alisema kila siku. "Leo nimekunywa na kuoga."

Nchi nzima aliyejua kufundisha tiba ya shingo alikuwa mmoja tu, Mwalimu Kobe. Na nani aijue shingo kuliko mtu anayeitoa na kuiingiza yake kutwa nzima? Kobe alikuwa na chuo kidogo ng'ambo ya bonde. Timu ya kikapu alikuwa nayo pia, lakini hiyo tusiisifu sana. Wakialikwa mechi ya Jumamosi huondoka nyumbani Jumanne, na kipindi cha kwanza bado kinawapita.

Binti Twiga alitaka kwenda huko na si kwingine. Tatizo lilikuwa miguuni.

Sikilizeni vizuri hapa. Nchi ile haikuwa na kalamu. Kijana aliyechagua chuo alikanyaga udongo mbichi mbele ya watu, unyayo ukaanikwa juani, ukawa ndiyo hati yake. Wakaja wenye viwanda vya viatu, wakaomba sheria mbili, wakapewa. Ya kwanza: asiye na raba ya kiwanda hakanyagi. Ya pili: unyayo uliokauka haufutiki. Kisha wakachonga alama chini ya soli. Raba za Fisi zilikuwa na alama ya kucha, ndiyo alama ya Chuo cha Simba. Raba za Kiboko zilikuwa na alama ya mkonga, ndiyo alama ya Chuo cha Tembo, na vyuo hivyo viliwalipa wenye viatu kwa kila mchezaji hodari. Mmeuona mtego? Mtoto anadhani anachagua chuo, kumbe kiatu kimeshamchagulia tangu alipofunga kamba.

Fisi alimwona Binti Twiga angali mdogo, anacheza na makatambuga ya matairi. Akamletea raba nyekundu zinazong'aa, kubwa, za kukulia. Mbili.

"Nina miguu minne, Bwana Fisi," Binti alisema siku ile.

"Najua kuhesabu, binti. Mbili za mbele ni leo. Mbili za nyuma utazikuta kwa Simba ukikua."

Akazivaa. Na lazima tuseme kweli, zilimsaidia. Miiba ya migunga ilipomchoma nyuma, mbele alikuwa salama. Kila jioni alizifuta vumbi, na kila jioni alimshukuru Fisi moyoni mwake.

Miaka ikapita. Zilipobaki siku tano kabla ya Siku ya Kukanyaga, Fisi alifika nyumbani kwao akicheka kabla hata ya kubisha hodi.

"Mama Twiga, hujambo. Nimekuja kumtazama mwanangu."

"Mwanao?" Mama alijaribu kuinamisha shingo, ikagoma. Akazungumza na masikio ya Fisi kutoka juu. "Karibu, baba. Lakini binti anasema anapenda kwa Kobe."

Fisi alikaa chini. "Kwa Kobe. Sawa. Mimi sina neno. Ila majirani wataniuliza, yule uliyemkinga na miiba amekulipa nini? Nitawaambia nini, mama? Kwamba kwa Twiga hawajui shukrani?"

Hakuna tusi lililomuuma Mama Twiga kama hilo. Fisi alipoondoka, mama alisema polepole, "Mwanangu, tumevaa viatu vya watu. Nenda kwa Simba. Shingo hii nimeshaizoea."

Binti alitazama pembeni. Mama alikuwa anasema uongo, na alikuwa hajui kuusema.

Mchana wa siku hiyo akaja Kiboko, anapuliza pua, fuuu, kakumbatia raba mbili za buluu.

"Nimesikia miguu ya nyuma iko peku," Kiboko alisema. "Mimi si mtu wa maneno mengi. Vaa hizi, uende kwa Tembo. Za mbele utazikuta huko."

Akaziacha mlangoni, akarudi majini.

Binti Twiga alizichukua zote nne, akashuka mpaka kwenye kibanda cha Fundi Nguchiro. Nguchiro alikuwa fundi viatu, mdogo kuliko kiatu chenyewe. Ndiye aliyemshonea yale makatambuga ya utotoni, na hakuwahi kudai hata jani. Aliongea huku kabana misumari midomoni, na kwa kuwa aliongea sana, hakuna aliyejua anawezaje kuwa bado hajameza mmoja.

"Mjomba," Binti alisema, akaanza kulia. Machozi ya twiga yana safari ndefu. Nguchiro alisogeza kiti, akangoja yatue.

"Wewe unataka kwenda wapi?" aliuliza.

Binti alishtuka. Watu walikuwa wamempima kimo, wamempima kwato, wamempima mruko. Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kwa Kobe. Nikajifunze shingo. Lakini nikikataa nitaonekana sina shukrani, na mama hataweza kupita sokoni."

"Hukumshukuru Fisi?"

"Nimemshukuru kila siku, mjomba."

"Basi umemaliza. Asante ni asante, binti. Ndiyo ni neno jingine kabisa." Akagonga msumari, ko, ko, ko. "Wewe sema asante kwa wote. Ndiyo usimwambie yeyote. Viatu niachie hapa, na mama yako mwambie aoge vizuri Siku ya Kukanyaga."

Kesho yake Fisi alisikia raba zake ziko kwa fundi, akaja mbio.

"Wewe Nguchiro, raba zangu zinafanya nini hapa, tena kando ya takataka za Kiboko?"

"Shikamoo, mzee," Nguchiro alisema, kanyenyekea mpaka mkia umegusa ardhi. "Nazikazia soli. Miaka yote hii, alama yako imelika. Akikanyaga udongo itatoka kama kucha ya kuku. Utamwambia nini Simba?"

Fisi alimeza mate. "Ikaze. Ichonge mpaka kipofu aione. Na za Kiboko je?"

"Hizo za nyuma, mzee. Wewe ni mtu mkubwa, unajua mwenyewe. Mguu unaotangulia ndio unaotia sahihi. Wa nyuma unafuata tu kama mkia."

Fisi alicheka mpaka akakohoa. "Kiboko mjinga. Lini nije kuzichukua?"

"Njoo kesho."

Jioni hiyo Kiboko naye akafika, fuuu.

"Za Fisi ziko mbele," alisema. Alikuwa mnyonge kidogo.

"Ziko mbele, mzee wangu, ndiyo. Lakini wewe umekaa mtoni miaka yote, umeona nyayo. Unyayo wa kwanza hukanyagwa na wa pili. Unaobaki juu ni upi?"

Kiboko alifikiri. Kwa Kiboko kazi hiyo si ya haraka. "Wa nyuma," alisema mwishowe, mdomo ukafunguka kama mlango wa ghala. "Nije lini?"

"Njoo kesho."

Kesho wakaja. "Uzi umekwisha, njoo kesho." Wakaja tena. "Gundi haijashika, njoo kesho." Fisi alipiga kelele, Kiboko alipuliza pua, lakini hakuna hata mmoja aliyeshuku kitu. Fundi viatu akikwambia njoo kesho, utashuku nini? Angesema njoo leo, hapo ndipo ungemwita polisi.

Asubuhi ya Siku ya Kukanyaga, watu wameshajaa uwanjani, ndipo Nguchiro alipotokea anahema na raba nne kichwani. Aliziweka chini sawasawa, soli kwenye vumbi, zimepakwa kiwi mpaka nzi wanateleza. Fisi alijiona uso wake kwenye ile nyekundu. Kiboko alijiona nusu uso kwenye ile ya buluu, maana uso mzima haukutosha.

"Zinang'aa," Fisi alisema.

"Zinang'aa kweli," Kiboko alisema. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

Binti Twiga akavaa. Udongo mbichi ulikuwa umetandazwa katikati ya uwanja, na Korongo, mwamuzi wa siku ile, alikuwa amesimama kando kwa mguu mmoja. Mama Twiga alikuwa nyuma ya watu wote, na kwa mara ya kwanza shingo ngumu ilimfaa: aliona kila kitu.

Hatua moja. Pwacha. Hatua ya pili. Pwacha. Binti akavuka upande wa pili, akageuka.

Korongo aliinama juu ya udongo. Akatazama. Akabadilisha mguu, akatazama tena.

"Mguu wa mbele," alitangaza, "gamba."

"Gamba gani?" Fisi aliuliza.

"Mguu wa nyuma, gamba. Nyayo zote nne, gamba la kobe, yaani Chuo cha Kobe. Mistari yake yote inaonekana."

Hapo watu walisikia kitu kinakwaruza njiani, kwaru, kwaru. Mwalimu Kobe, aliyetoka kwake siku sita zilizopita ili atazame tu, alitoa shingo.

"Nimechelewa?"

"Umewahi, Mwalimu," Binti alisema.

Fisi aliruka mbele ya Nguchiro. "Mwizi. Soli zangu ziko wapi?"

Nguchiro alitema misumari yote kiganjani. Watu walisogea, maana hawakuwahi kumsikia akiongea bila misumari. "Hizi hapa, mzee, nzima, nimezifunga na kamba. Za Kiboko hizi. Nilizoweka ni za matairi yangu mwenyewe. Asubuhi niliziweka raba mbele ya macho yako. Mbona hukuzigeuza?"

"Nilikuwa..." Fisi alitazama watu. "Zilikuwa zinang'aa."

Walicheka mpaka Korongo akashusha mguu wa pili.

"Afutiwe," Fisi alidai. "Akanyage tena."

"Jua limeshaupiga," Korongo alisema. "Na unyayo uliokauka haufutiki. Sheria hiyo aliileta nani vile?"

Hapo Binti Twiga alipiga magoti, akazivua raba nyekundu, akazifuta tope kwa mkia, akampa Fisi kwa heshima zote.

"Bwana Fisi, ulinikinga miiba nikiwa mdogo. Kweli ulinikinga. Sikusahau jana na kesho sitasahau. Ukiumwa shingo njoo kwangu, nitakutibu wa kwanza. Lakini miguu nilizaliwa nayo."

Fisi alisimama na viatu vya twiga mikononi. Hakuna wa kumpa, hakuna wa kumuuzia, na yeye mwenyewe angeweza kulala ndani ya kimoja. Akaondoka bila kucheka, jambo ambalo fisi hajalifanya tena tangu siku ile.

Binti alianza kuvua na za buluu. Kiboko akamzuia. "Bakia nazo," alisema. "Nitazifanyia nini, mimi naishi majini." Kisha akaongeza, "Kamsalimie mama."

"Asante, mzee," Binti alisema, na safari hii hakuna aliyemdai chochote juu ya asante yake.

Akaenda kwa Kobe na raba za buluu nyuma na makatambuga mapya ya Nguchiro mbele. Timu ya Kobe ilianza kushinda vipindi vya pili, maana vya kwanza bado walikuwa njiani. Misimu mitatu alijifunza kukanda, kunyoosha na kungoja. Alirudi nyumbani na mafuta ya mbono, akakanda shingo ya mama yake mwezi mzima, kila asubuhi. Siku moja Mama Twiga alitembea mpaka mtoni, akapanua miguu ya mbele, akashuka, akashuka, akashuka. Gluku, gluku, gluku. Alikunywa kwa muda mrefu sana. Alipoinuka, maji yakimchuruzika kidevuni, alitaka kusema asante, akashindwa, akainama akanywa tena. Na kila likizo Fundi Nguchiro alipata kopo la misumari mipya, ambayo pia hajawahi kumeza.

Mshukuru aliyekupa kiatu, lakini njia ichague mwenyewe.

Hadithi imeishia hapo, na kama imepinda, mimi ndiye niliyeipinda. Bibi aliniachia imenyooka. Sasa ile sababu ya kusimulia nimekaa. Mimi hadithi hii niliisikia nina miaka saba. Nilipofika miaka kumi na minne nikachagua shule kwa sababu walikuwa wanagawa raba za bure kwenye geti. Zilikuwa saizi nane. Mimi navaa kumi, na vidole havijanisamehe mpaka leo.