Kiganja cha Bi Sungura

Mwaka ule mawingu yalikuja, yakachungulia bondeni, yakaenda zao. Visima vikabaki tope, nyasi zikageuka rangi ya vumbi, na wanyama wakaanza kusalimiana kwa swali moja tu: "Umekula?"

Nyumbani kwa Sungura walikuwa wamekula. Kidogo, lakini kila siku. Mkewe, Bi Sungura, alikuwa na bustani ndogo ya kunde bondeni. Wakati wa mvua, majani yalipokuwa mengi hadi watoto wanayakimbia, yeye aliyachuma, akayachemsha kidogo kwa maji ya chumvi, akayaanika kivulini juu ya mikeka. Yalipokauka hata yakavunjika kwa kuguswa, aliyashindilia ndani ya vibuyu, akaviziba kwa magunzi ya mahindi na kuvipanga darini.

Fisi, jirani yao, alikuwa akipita pale na kucheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Shemeji, mboga mbichi unaiua ya nini? Si uile leo ingali hai?"

"Leo tumeshiba, shemeji."

"Mimi sijawahi kushiba," alisema Fisi, na hapo alisema kweli.

Sasa vilibaki vibuyu sita. Bi Sungura alikuwa amekwisha kupima: kiganja kimoja cha mboga kwa siku, watoto saba kuzunguka chungu, vibuyu sita vingewafikisha kwenye mvua. Havikuzidi hata siku moja.

Asubuhi moja familia nzima ilishuka bondeni, kwenye chemchemi ndogo iliyobaki, kumwagilia miche michache iliyokuwa hai. Waliporudi, darini palikuwa peupe. Halikubaki hata gunzi.

"Mama," aliuliza kitinda mimba, "vibuyu vimekwenda kuchota maji?"

Hakuna aliyecheka.

Sungura hakupiga kelele. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwa Fisi, akavikuta vibuyu sita vimepangwa ukutani bila haya.

"Vyangu," alisema Fisi kabla hajaulizwa. "Hata mimi nililima."

"Ulilima lini, jirani?"

"Ulipokuwa umelala. Kwani kibuyu kina jina?"

Kwa kweli hakikuwa na jina. Shauri likapelekwa kwa Simba, aliyekuwa juu ya mwamba wake akichana manyoya ya shingo kwa kucha.

"Majani!" alinguruma. "Mmenisumbua mimi kwa ajili ya majani? Nendeni kwa Mbuzi."

"Mzee," alisema Sungura, akiinama mpaka masikio yakagusa vumbi, "Mbuzi hula chochote. Shauri hili linataka ulimi wenye heshima. Kila mmoja apike chungu kimoja cha hizo anazoziita mboga zake, nawe uonje. Basi."

Simba akalipenda lile neno la heshima. "Nitaonja," alisema. "Sitameza."

"Nianze mimi!" alipayuka Fisi.

Chungu kikainjikwa, wanyama wakazunguka. Fisi akazibua kibuyu kimoja, akachungulia. Aliona vijani vyeusi vilivyosinyaa kama masikio ya bibi yake. Sungura akamsogelea taratibu.

"Kiganja kimoja kinatosha, jirani. Nakwambia kweli."

Fisi akamtazama kwa jicho la pembeni. Tangu lini Sungura akamwambia mtu kweli?

"Unataka nionekane bahili mbele ya Mzee!" alisema kwa sauti ya kusikika, akakimimina kibuyu chote chunguni. Kisha, kwa kuwa alikuwa anampikia Simba, akatia na chumvi. Akatia tena. Mara ya tatu akatia kwa mikono miwili.

Bi Sungura alifumba macho. "Baba watoto, ile ni mboga ya nusu mwezi."

"Kimoja kiende, vitano virudi," alinong'ona Sungura.

Maji yakachemka. Mwanzoni hakukuonekana kitu. Halafu majani yakaanza kunywa maji na kukunjuka, moja baada ya jingine, mpaka chungu kikajaa na kifuniko kikainuka. Fisi akakikandamiza kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha akakikalia. Hakukaa sana. Aliruka juu akilia, na kunde zikafumka kila upande: kwenye mafiga, kwenye mkia wake, na fungu zima likatua juu ya manyoya ya Simba yaliyokuwa yamechanwa vizuri.

"Zinaongezeka!" alipiga mayowe Fisi. "Shemeji, njoo! Hizi zinazuiwaje?"

Wanyama wote wakamgeukia Fisi.

"Si umezilima wewe?" aliuliza Bi Sungura kwa upole.

Simba akalamba lile fungu lililokuwa begani, kwa ajili ya haki tu. Uso ukamkunjamana mpaka macho yakapotea. "Chumvi!"

"Zilikuwa na chumvi tangu kabla ya kuanikwa, Mzee," alisema Bi Sungura. "Aliyezitia hiyo chumvi asingesahau."

Hapakubaki la kuuliza. Vibuyu vitano vikarudi darini. Fisi aliamriwa achote maji bondeni mpaka mboga ile ilike, akaenda na mtungi mara tisa. Wanyama wote wakala. Simba, yule aliyesema hatameza, alisogeza bakuli lake mara ya pili huku akitazama mlima.

Bi Sungura akampakulia Fisi pia. "Njaa si kosa, shemeji," alimwambia. "Ungepiga hodi tu."

Na kwa kuwa kibuyu kimoja kilikuwa kimeliwa, Fisi alipewa kazi ya kumwagilia bustani ya Sungura kila siku hadi mvua inyeshe. Miche ikatoa majani mapya, pengo likazibika, na watoto saba wakauvuka ukame.

Msimu uliofuata Fisi alipanda kunde zake mwenyewe, akatandika mkeka kivulini kama alivyoona kwa jirani. Lakini kila jani aliloanika alilionja, ajue kama limekauka. Jioni mkeka ulikuwa mtupu, na Fisi ameuegemea, anawaza alipokosea.

Vibuyu vyaweza kubebwa mchana kweupe. Kiganja kinachojua kiasi hubaki kwa mwenyewe.