Siku Fisi Aliporuka

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na mwamba?
— Ukapandwa!
— Palikuwa na sinia?
— Likarambwa!
— Na aliyeliramba ni nani?
— Mtaje wewe, bibi, sisi tunamwogopa!

Haya, namtaja. Meno yamenitoka, nywele zimenitoka, hana cha kuninyang'anya. Ni Fisi. Kaeni vizuri. Na wewe uliye mlangoni acha kutafuna, usije ukaitafuna na hadithi.

Zamani, katika nchi ya wanyama, watoto wakitoka shule hawakuwa na la kufanya. Walijilaza kivulini, wakamung'unya ubuyu wa sukari mpaka ndimi zikawa nyekundu, wakanywa maji, wakajilaza tena. Matumbo makubwa, miguu myembamba. Ukimwambia mtoto, "Kimbia," anakuuliza, "Niende wapi?"

Bi Pimbi akaona haifai. Yeye kimo chake hakikufika hata goti la mbuzi, na nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya mwamba. Akaanzisha klabu. Kila alasiri kengele ya shule ikilia, watoto walikwenda chini ya mwamba ule. Kwanza mbio, kwata kwata kwata, kuuzunguka uwanja. Halafu kuruka, pu! pu! pu! Halafu Bi Pimbi anapuliza filimbi, fiii! na wote wanauparamia mwamba mpaka kileleni, wa mwisho ataosha sinia. Wakishuka wananawa mikono, wanakaa kwenye mstari, wanakula: viazi vitamu, mchicha, tango, papai. Mdogo kuliko wote ndiye anayepakuliwa kwanza. Hiyo ilikuwa sheria, na Bi Pimbi hakuipindisha kwa ajili ya yeyote.

Matumbo yakapungua, miguu ikajaa. Wazazi wakafurahi. Na wazazi wakishafurahi hutafuta mkubwa wa kumshukuru, hata kama mkubwa mwenyewe hakuchemsha kiazi. Wakamchagua Fisi awe Mlezi wa klabu. Ana kifua, wakasema. Ana sauti. Anajua kuhutubia.

Basi watoto wakikimbia, Mlezi amekaa. Watoto wakiruka, Mlezi amekaa. Watoto wakinawa mikono, Mlezi anainuka.

"Mwalimu, fungu la Mlezi."

Na fungu la Mlezi lilikuwa nusu ya sinia, na maganda yote juu yake. Lapu! lapu! lapu! Bi Pimbi akaongeza viazi chunguni. Alasiri baada ya alasiri, tumbo la Fisi likazidi kushuka, likawa linaitafuta ardhi.

Ikawa siku moja Mize hakufika nyumbani.

Mize alikuwa binti wa Mama Digidigi. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, yule wa kupakuliwa kwanza. Mama yake akamtafuta vichakani, akamtafuta mtoni, akaita mpaka sauti ikakauka. Wazazi wakatoka kutafuta. Fisi naye akatoka, tena akatangulia mbele, akaita kuliko wote: "Mizeee! Mizeee!"

Kesho yake klabu ikakutana, maana watoto wengine wana njaa hata siku ya msiba. Wakakimbia, lakini polepole. Wakanawa mikono, wakakaa kwenye mstari. Bi Pimbi akashika upawa, akaanza kupakua.

Fisi hakuinuka.

"Mlezi, fungu lako hili."

"Leo nimeshiba, mwalimu."

Bi Pimbi akabaki ameshika upawa hewani. Fisi huyu, ambaye hajawahi kuacha hata ganda! Akapakua, akapakua, akamaliza.

Jioni hiyohiyo akaenda kwa Mzee Ngiri, mwenyekiti wa wazazi.

"Shikamoo, Mzee Ngiri."

"Marahaba, mwalimu."

"Fisi leo hakula."

"Masikini, amechoka kutafuta."

"Fisi huchoka kukimbia. Fisi huchoka kufikiri. Kula hachoki."

"Bi Pimbi," akasema Mzee Ngiri, "hiyo ni husuda. Mlezi ni mtu mzito."

"Uzito wake ndio ninaousema, mzee wangu."

Hakusikilizwa. Alikuwa mdogo, alikuwa mwanamke, tena anakaa kwenye mawe. Na ushahidi wake ulikuwa nini? Viazi visivyoliwa.

Ikafika siku ya wazazi, siku ya klabu kuonyesha mazoezi yake. Mama Ngiri akaja na watoto wake. Mama Kanga akaja na wake. Baba Nungunungu akaja, akapewa nafasi pana. Mama Digidigi akaja peke yake, akakaa mwisho kabisa. Fisi akasimama mbele, akakohoa.

"Wazazi wenzangu! Nimeumia kuliko ninyi nyote. Ndiyo maana nimeamua: kuanzia kesho, watoto hawatarudi nyumbani wenyewe. Nitawasindikiza mimi. Kwa mkono wangu. Mmoja mmoja."

Wazazi wakapiga makofi, pwa pwa pwa! Mama Kanga akafuta machozi. "Huyu ndiye mlezi!" akasema Mzee Ngiri.

Bi Pimbi akawatazama watoto kwenye mstari, miguu yao imejaa, macho yao yanang'aa. Kesho, akasema moyoni. Mmoja mmoja. Na mimi ndiye niliyewanenepesha.

Akajitengeneza uso, akasogea mbele.

"Asante, Mlezi wetu. Sasa tucheze ule mchezo wetu wa chakula. Wazazi, mchezo wenyewe ni hivi: nikitaja kitu kinacholiwa, unaruka, unasema 'Chakula!' Nikitaja kisicholiwa, unasimama kimya. Ukikosea umetoka, ukichelewa umetoka. Atakayebaki mwisho anachukua sinia."

Fisi akainua sikio moja. "Anachukua sinia gani?"

"Hili hapa, lote. Ila wewe usisumbuke, Mlezi. Huu ni mchezo wa magoti mabichi. Yako tuyaache yapumzike."

Wazazi wakacheka.

"Nani kakwambia magoti yangu yamechoka? Lote, pamoja na mapapai?"

"Pamoja na mapapai."

"Na maganda?"

"Na maganda, Mlezi."

Fisi akaingia kwenye mstari, katikati ya watoto.

"Kiazi!" akaita Bi Pimbi.

Pu! "Chakula!"

"Mchicha!"

Pu! "Chakula!"

"Jiwe!"

Kimya.

"Ubuyu wa sukari!"

Pu! Nusu ya watoto wakaruka, na Mama Kanga akaruka pale alipokaa. "Tokeni," akasema Bi Pimbi, "hiyo ni rangi na sukari." Fisi hakuruka. Alikuwa anamtazama Bi Pimbi mdomo tu, mate yanachuruzika. Tumbo lilikuwa linamvuta chini, lakini kwa habari ya chakula Fisi hakosei.

"Ufagio!" Kimya. "Boga!" Pu! "Chakula!" "Kengele!" Kimya. "Tango!" Pu! "Chakula!"

Wakatoka, wakatoka. Wakabaki mtoto wa Kanga, mtoto wa Ngiri, na Fisi. Bi Pimbi akaongeza kasi, maneno yakawa yanafukuzana.

"Karanga!" Pu! "Chakula!" "Njugu!" Pu! "Chakula!" "Papai!" Pu! "Chakula!" "Mize!"

Pu!

"Chakula!"

Sauti moja tu. Mtoto wa Kanga alikuwa amesimama. Mtoto wa Ngiri alikuwa amesimama. Fisi akatua chini peke yake, tii! bado anatabasamu, bado anasubiri neno linalofuata.

Hakuna neno lililofuata.

"Ah," akasema Fisi. "Ulimi umeteleza. Mchezo tu huu, jamani."

Mama Digidigi akainuka kule mwisho. Akaja taratibu, kwa miguu yake ile myembamba, akasimama mbele ya Fisi.

"Umetajiwa jiwe, hukuruka," akasema. "Umetajiwa ufagio, hukuruka. Umetajiwa kengele, hukuruka. Umetajiwa mwanangu, umeruka."

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatoa meno, akamrukia mtoto wa Kanga.

Fiii!

Bi Pimbi alikwisha puliza filimbi. Na watoto wakafanya walichofanya kila alasiri: kwata kwata kwata! wakauparamia mwamba, waliotoka na waliobaki, wakafika kileleni hata kabla mama zao hawajapiga kelele. Fisi akawafuata. Akapanda kidogo, tumbo likakwama. Akapanda tena kidogo, viazi vya mwaka mzima vikamvuta. Akateleza, poroporopo! Na chini Baba Nungunungu alikuwa ameshageuza mgongo na kusimamisha miiba.

Puu!

Mzee Ngiri akamsaidia kuondoka, kwa pembe zote mbili. Akakimbia analia, makalio ameyakunja chini, na mpaka leo fisi anakwenda vivyo hivyo, nyuma ameinama. Katika nchi ile hakuonekana tena.

Mzee Ngiri akaja kwa Bi Pimbi, kichwa chini. "Mwalimu, tungekusikiliza..."

"Mngenisikiliza," akasema Bi Pimbi. "Kamenye viazi."

Mize hakurudi. Ziko hadithi ambazo fisi hupasuliwa tumbo na mtoto akatoka anacheka. Hii si mojawapo. Mama Digidigi alikuja kila alasiri, akashika upawa, akapakua yeye. Alianza na mdogo kuliko wote. Kwanza aliinamia sahani kitambo kidogo, halafu akapakua.

Sasa fundisho, maana mmeshaanza kupiga miayo. Fundisho lake ni hili: mazoezi ni hatari. Mtazameni Fisi. Miaka yote aliyokaa kitako hakuugua hata kichwa, akaheshimiwa, akapigiwa makofi. Siku moja tu aliporuka, ikawa ndiyo siku yake. Kwa hiyo kaeni, wajukuu zangu, msiruke. Wakubwa wenu wamekaa vilevile, na mnaona walivyo wazima.

— Sinia liko wapi?
— Limeoshwa!
— Filimbi iko wapi?
— Kwa mwenyewe!
— Basi aliyeshiba akalale. Na asiyeshiba akalale pia, viazi ni vya kesho.