Nani Azibue Maji ya Ndiva?

Hapo zamani, gavana akingali anatuamulia hata maji ya kunywa, milima ya Upare ilikuwa na mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria. Aliitwa Senzota Mrutu. Hamumjui? Ndiyo maana nasimulia.

Barazani kura zilipigwa kwa kusimama, na maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Mrutu hakukijua. Wenzake wakisimama, naye husimama, wakiketi, huketi. Siku moja akasimama nao, kumbe amekubali ndiva ya kwao, bwawa linalonywesha mashamba yote ya kijiji, ibomolewe, maji yapelekwe kwenye mkonge wa mzungu. Ikabaki kura ya mwisho.

Aliyegundua ni Kajiru, ambaye Mrutu alimshinda katika uchaguzi. Angeweza kumwaibisha na kukitwaa kiti. Hakufanya hivyo. Alimwendea faraghani, akamwambia, "Ndugu yangu, umetuuza bila kujua. Rudi ukatukomboe."

Mafundi wa mzungu hawakungoja kura, walikuja na sururu, wakilindwa na askari. Namkunda, mkewe Mrutu, akawaongoza wanawake wakaketi juu ya ukuta wa ndiva.

"Anzeni na mimi," akasema.

Askari wakampiga rungu, mkono ukavunjika. Hakushuka.

Kura ya mwisho ilipofika, Mrutu alisimama kabla ya wote. Kanuni ilikataza kura kupigwa mjumbe akiwa anazungumza. Basi akazungumza, tena Kipare: nani alichimba ndiva, nani aliisiliba, zamu ya maji ni ya nani asubuhi, ya nani jioni.

"Mheshimiwa, keti," mwenyekiti akaamuru.

"Nilisimama bila kuelewa, mkafurahi. Leo naelewa. Siketi."

Hakuketi mpaka muda wa kikao ukaisha, baraza likavunjwa na mswada ukafa. Walimnyang'anya kiti. Radhi hakuomba.

Ndiva ikajaa. Kwa desturi, maji ya kwanza huzibuliwa na aliyeitumikia kuliko wote.

"Mimi nimepoteza kiti," akasema Mrutu.

"Na mimi nilikuachia kiti hicho," akasema Kajiru. "Nisingekufumbua macho, ungesimama nao tena."

Namkunda akainua mkono wake uliopinda, akamgeukia mumewe. "Baba Elinaza, moto uliuwasha mwenyewe. Na bila mkono huu, nyote wawili mngetetea matope."

Watatu hao wamesimama ukutani, hakuna anayempisha mwenzake, na mahindi bondeni yananyauka. Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu: nani anastahili kuzibua?